Kabla ya Kufika Iskandaria

Mwezi wa Disemba ukiingia, mji wetu wa Malindi hujaa watu wa bahari nyingine. Wengi wao ni Wataliano. Walianza kutuzoea tangu siku za mitambo ya San Marco kule Ngomeni, ambako satelaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1967. Kisha wakaja wenye mahoteli, kisha wenye nyumba zao wenyewe, na leo hata muuza madafu hujua kuhesabu kwa Kitaliano. Huja kuikimbia baridi ya kwao, wakalala mchangani, wakala samaki, wakarudi wamebadilika rangi. Sisi, ndugu wanne wa kike wa mtaa wa Shela, tumewafulia mashuka, tumewapikia, tumewapaka hina mikononi, na mmoja wetu amewapokea mlangoni mwa hoteli kwa miaka 12. Hatusemi kwa kinyongo. Ni riziki, na twamshukuru Mola kwayo.

Jioni moja, mwaka juzi, tulikuwa barazani tukichambua mchele wa karamu ya jirani. Wakapita wageni wanne na kofia zao za ukindu, wamejaa mchanga miguuni, wakatusalimu "jambo" na kwenda zao. Mama akawafuata kwa macho hadi wakakata kona, kisha akasema: "Hawa wana bahari yao, wakachoka nayo wakaja kwetu. Sisi tukichoka na yetu, twenda wapi?"

Tulicheka. Halafu tukaanza kuhesabu. Safari zetu zote za miaka kumi zilikuwa za haja: Mombasa kwa daktari, Kilifi kwa harusi, Takaungu, alikozaliwa Mama, kwa hitima, Nairobi kwa makaratasi. Hatukuipata hata moja tuliyoifunga kwa sababu tu roho ilitaka kuona. Mama alikuwa na miaka 69 wakati huo. Kicheko kikakatika chenyewe.

Wazo la kwanza lilikuwa Italia yenyewe, kwani yule ndugu yetu wa hotelini ana Kitaliano cha kutosha kugombana na dereva wa teksi. Tuliposomewa orodha ya yanayotakiwa kwa viza ya huko, mwaliko, bima, taarifa za benki za miezi kadhaa, na uthibitisho kwamba utarudi kwenu, tuliiacha Italia bila ugomvi wala majonzi. Ikatajwa Uturuki, ikatajwa Tunisia. Kila mmoja alikuwa na mji wake aliouona kwenye simu, na kila mji ulikuwa na mpinzani wake. Mambo yakalala hivyo kwa miezi miwili.

Kilichotutoa hapo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Nyumbani kwetu, usiku huo, baada ya swala ya Isha, husomwa Burudai. Marehemu baba alikuwa akiisoma, na alipofariki Mama akaishika, wala haijakatika ila kwa maradhi. Alipofunga msahafu wake mdogo wa kasida, kitindamimba wetu, ambaye simu haimtoki mkononi hata kwenye uradi (tumesema naye, hasikii), akasema: "Mama, aliyeitunga hii amezikwa Iskandaria. Ni mji wa pwani, kama huu wetu."

Mama alikaa kimya. Akauliza: "Kaburi lake lajulikana?"

"Lajulikana. Lina msikiti."

Basi. Uturuki na Tunisia hazikutajwa tena.

Kwa msomaji aliye mchanga, Burudai ni kasida ya kumsifu Mtume (s.a.w.), yenye fasili kumi na beti zipatazo 160, iliyotungwa na Imamu Sharafuddin Al-Busiri, mtu wa Misri wa karne ya 13. Husimuliwa kwamba alipatwa na kiharusi kikamfisha nusu ya mwili; akaitunga kasida hii akiomba shifaa, akamwona Mtume katika ndoto akimfunika joho lake, na alipoamka akasimama kwa miguu yake. Joho hilo ndilo burda, na ndilo lililoipa kasida jina. Anayo na nyingine, Hamziya, ambayo kila ubeti wake huishia kwa herufi ya hamza. Hiyo ilifasiriwa kwa Kiswahili kule Pate na Sayyid Aidarus bin Athuman, na fasiri ile ni miongoni mwa tungo kongwe kabisa za lugha yetu zilizobaki katika maandishi. Kwa hiyo mtu huyu wa Iskandaria alikuwa ameshaingia katika nyumba za mwambao wetu, kwa ulimi wetu wenyewe, karne kadhaa kabla yetu sisi kuuliza nauli. Tulikuwa tukimsoma kila wiki bila kujua amelala wapi. Tuliona haya kidogo.

Tukaanza kuutafuta mji wenyewe. Waliouasisi ni watu wa Iskandar wa Makedonia, mwaka 331 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Palikuwa na mnara wa taa uliohesabiwa katika maajabu saba ya dunia. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa mwaka 1331 na kuwasifu watu wake kwa dini na wema, alipita Iskandaria mwaka 1326 akaukuta mnara ule umebomoka upande mmoja. Aliporudi mwaka 1349 ulikuwa umeharibika hata hakuweza kuufikia mlango wake. (Malindi hakuitaja. Tumemsamehe.) Mahali pa mnara huo Sultani Qaitbay alijenga ngome mwaka 1477, na ngome hiyo ingali imesimama juu ya mwamba, bahari ikiipiga pande tatu. Anayeijua Fort Jesus ya Mombasa ataielewa bila maelezo, ila ile ya Iskandaria ni mkubwa wake kwa zaidi ya miaka mia moja, na ilijengwa na Waislamu kuwazuia wengine wasiingie, si kinyume chake.

Si mbali na ngome, katika mtaa wa Anfushi, upo msikiti wa Abul-Abbas Al-Mursi, mwanafunzi wa Imamu Shadhili, ambaye tarika yake ndugu zetu wa Ngazija na Unguja wanaijua vyema. Al-Mursi alitoka Murcia, Andalusia, akafia Iskandaria. Al-Busiri alikuwa mwanafunzi wake, na msikiti wenye kaburi la Al-Busiri unaukabili wa mwalimu wake. Na hapa pana jambo lililomfurahisha sana ndugu yetu wa Kitaliano: msikiti wa Al-Mursi kwa umbo lake la sasa ulichorwa na Mtaliano, Mario Rossi, fundi wa majengo aliyekwenda Misri kufanya kazi, akajenga misikiti, na akasilimu. Tangu alipolijua hilo, kila mgeni anayemwona pwani humtazama kwa matumaini.

Kijana wa wifi yetu, ambaye atatajwa sana mbele, ndiye aliyetuletea ramani. Alituonyesha kwamba sisi wa Malindi tuliopo karibu sawasawa chini ya Makka, tukiswali tunaelekea kaskazini, na bahari inakuwa mkono wetu wa kulia. Watu wa Iskandaria huelekea kusini mashariki, na bahari yao inakuwa nyuma ya migongo yao. Mama alimwambia airudie mara mbili. Kisha akanyoosha mikono, mmoja huku na mmoja kule, akasema: "Alaa! Kumbe sisi na wao twatazamana."

Habari zikatoka nje, kama zitokavyo katika mtaa wenye kuta za matumbawe na madirisha wazi. Yakaja maneno. Wa kwanza walisema: kwa nini si Umra? Hili lilituuma, kwani lina haki yake. Mama ameshahiji, mwaka 2009, pamoja na baba. Sisi wanne bado. Fedha tulizokusudia hazifiki hija, wala hazikaribii, lakini Umra zingeweza kuwafikisha baadhi yetu. Hatukupata jibu la kuwaridhisha wote. Tulilolifanya ni kuandika katika daftari letu kwamba mchezo hautavunjwa tukirudi; utaendelea kwa niya ya hija, na dada mkubwa ndiye wa kwanza. Walio na jibu bora watuambie.

Wa pili walitukumbusha hadithi ya misikiti mitatu, kwamba haifungwi safari kwa ajili ya kaburi. Tulimwendea mwalimu wetu wa darsa za Jumanne. Alitueleza kwamba wanazuoni wamehitilafiana juu ya maana yake, akataja kauli za hawa na za hawa kwa upole, kisha akatuuliza: "Mwaenda kumwomba aliye kaburini, au mwaenda kumwombea?" Tukasema kumwombea, na kuona mji, na kula samaki wa watu wengine. Akacheka. Kurasa hizi si mahali pa kufufua mjadala huo.

Wa tatu walisema ni anasa. Hao hatukuwajibu.

Lakini kizuizi kikubwa hakikutoka mtaani. Kilitoka ndani, na kilikuwa halali. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mwanamke aweza kwenda hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu. Safari isiyo ya faradhi ni jambo jingine: kauli inayotegemewa ni kwamba awe na mume au maharimu wake. Wapo wanazuoni wa zama zetu waliopanua nafasi hiyo pale njia inapokuwa na amani, nasi hatumlaumu anayewafuata. Mama alisema yeye miaka 71 amekwenda kwa kauli ya waliomfundisha, na hataibadilisha uwanja wa ndege.

Kwetu sisi wanne na Mama halikuwa zito. Tunaye kaka. Yeye ni maharimu wa mamake na wa dada zake wote. Tiketi moja ya mwanamume inatosha kwa wanawake watano. Wawili kati yetu tuna waume, na idhini zao tulizipata kwa namna mbili tofauti: mmoja alikubali kabla hatujamaliza kuuliza, wa pili aliuliza nani atamchemshia chai.

Aliyebaki ni wifi yetu, mjane wa kaka yetu mkubwa aliyefariki miaka sita iliyopita. Baada ya eda hakurudi kwao Mambrui. Alibaki na Mama, na hadi leo hulala chumba cha pili, hufunga naye sunna za Jumatatu na Alhamisi, na hubishana naye juu ya chumvi ya mchuzi. Katika mchezo wetu wa safari alitoa kila Jumamosi sawasawa na sisi, kutokana na mabuyu na achari anazouza skuli. Hakuna aliyefikiri, kwa miezi mingi, kwamba kaka yetu si maharimu wake. Ni shemeji. Katika nyumba yetu neno shemeji lilikuwa limekaribia kuwa ndugu, tukasahau kwamba sheria haijasahau.

Yeye ndiye aliyekumbuka. Alitujia jikoni, sote tukiwa kwenye mahamri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nirudishieni changu, nyinyi mwende. Mimi nitawalindia nyumba."

Tulimwambia asubiri. Kaka zake wawili wako kazini Ghuba na hawapati ruhusa. Baba yake ni mzee wa kubebwa. Maharimu aliyebaki ni mwanawe, kijana wa ramani, mwenye miaka 16. Amebaleghe, ana akili, na mwalimu alisema anatosha. Lakini kijana ni tiketi nyingine, viza nyingine, kitanda kingine.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Kila msafiri tulimkadiria Sh. 150,000, nauli ya ndege ikila zaidi ya nusu. Wasafiri saba, Sh. 1,050,000. Tunaotoa ni sita, kwani Mama hatumtozi. Kila mmoja Sh. 1,700 kila Jumamosi kwa muda wa miaka miwili. Benki hatukukopa, kwa sababu ya riba, wala jamaa hatukuwakopa, kwa sababu ya jamaa. Kijana akiongezeka, zinahitajika Sh. 150,000 nyingine, ambazo kwa mwendo wetu ni wiki 15. Wiki 15 zinatutoa likizo ya Aprili na kututupa likizo ya Agosti. Na Agosti, kwa wote wanaoijua Iskandaria, ni mwezi ambao watu wa Kairo hulikimbia joto lao wakaijaza pwani ile hata mtu akakosa pa kuweka mguu. Vyumba hupanda bei, na zile wiki 15 zingekuwa 20.

Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja maana naye ni sisi, alisema kwamba wifi mwenyewe ameshajitoa kwa hiari yake, na labda tuiheshimu hiari hiyo. Maneno hayo yalikaa chumbani kama moshi. Ni kweli kwamba yangeturahisishia. Ni kweli pia kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameshayafikiri kabla hayajasemwa.

Mama hakukasirika. Alisema: "Fasili ya saba mimi hukwama. Kila wiki hukwama pale pale. Nani hunirudisha?"

Ni kweli. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, Mama hufika katika sifa za miiraji, ulimi ukamzungusha, na wifi, bila kuinua macho kwenye ushonaji wake, humpa neno linalofuata. Sisi wanne tumezaliwa ndani ya Burudai ile, na hakuna kati yetu anayeijua kwa moyo. Anayeijua ni aliyeolewa nayo.

Tukaanza kupunguza. Siku saba za Iskandaria zikawa tano. Mwalimu akatukumbusha tuhesabu vizuri siku za kupunguza swala, maana anayekusudia kukaa siku nne kamili, bila ya kufika na ya kuondoka, si msafiri tena. Gari la kukodi kutoka Kairo likaondoka, ikaingia treni. Ndugu yetu wa kitabu alishangilia, kwa kuwa reli hiyo ya Kairo na Iskandaria, iliyokamilika mwaka 1856, ndiyo ya kwanza kuwekwa Afrika. Likabaki suala la chumba. Hoteli tuliyoichagua iko kwenye barabara ndefu ya ufukweni, na vyumba vyenye kutazama bahari ni ghali kuliko vya nyuma. Tuliona aibu kumweleza Mama, kwa kuwa ni yeye aliyeitaka bahari tangu mwanzo.

"Dirisha la bahari ninalo tangu nizaliwe," alisema. "Nipeni la uani, nione watu wanavyoanika nguo."

Kwa makato hayo tulipata Sh. 95,000. Nyingine tunazitafuta bado, kwa kaimati na hina, na Ramadhani ikijaaliwa kuwa njema zitapatikana, kwani mwezi ule kaimati hununuliwa hata na wanaozijua kupika.

Makaratasi hatutayasimulia kwa urefu. Viza ya Misri Mkenya huiomba kabla ya kuondoka, na hilo lina utaratibu wake. Pasipoti ndiyo iliyotuchosha. Katika ofisi moja, Mama, aliyezaliwa Takaungu kwa wazazi waliozaliwa Takaungu, aliulizwa vyeti vya kuzaliwa vya wazazi wake, watu waliozaliwa enzi ambazo mtoto alisajiliwa kwa adhana sikioni. Mkoba wake ulikuwa na pasipoti ya zamani iliyokwisha muda, yenye muhuri wa Jeddah. Aliiweka mezani bila kusema kitu. Kijana wa pale akaifungua, akaisoma, akaifunga, akatuambia tukae. Ilichukua wiki nyingi, lakini imetoka. Ya kijana wa wifi haijatoka. Yeye ni chini ya miaka 18, baba yake ni marehemu, na jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto lina herufi moja isiyokuwamo kwenye cheti cha kifo. Herufi moja. Tumeapa kiapo cha kisheria, tumelipa mhuri, tunasubiri.

Moja katika hayo lafaa kuwa msaada kwa wengine. Anayetoka Kenya kwenda Misri hutakiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo ichomwe si chini ya siku kumi kabla. Sisi tulichomwa. Kwa Mama tuliingiwa na hofu, kwa sababu chanjo hii huhitaji tahadhari kwa mtu aliyepita miaka 60 na haichomwi bila kumwuliza daktari. Tulipokuwa tukishauriana, dada mkubwa akakumbuka kwamba wakati wa hija Mama alichomwa chanjo hiyo hiyo, kwani Saudia nayo huidai kwa watokao kwetu. Na tangu mwaka 2016 kanuni za afya za kimataifa zimefanya cheti hicho kuwa cha maisha, hata vile vya zamani. Tukafungua sanduku la mvule lililo chini ya kitanda cha Mama. Kadi ilikuwamo, ya manjano, ndani ya bahasha ya ihramu, na nyuma yake ilikuwamo ya baba. Mwandiko mmoja, tarehe moja, nambari zinazofuatana.

Mama alizishika zote mbili kwa muda. Kisha akatupa yake, na ya baba akairudisha kwenye bahasha.

Kuhusu majira, tulijifunza jambo lililotufanya tuwapende watu wale kabla ya kuwaona. Sisi tuna kaskazi, kusi na matlai, na mvuvi wa Malindi hajatoka nyumbani ila ameuliza upepo. Wao wana dhoruba zao za baridi, waziitazo nawa, na kila moja ina jina na siku yake katika mwaka: mwezi wa Novemba huja Maknasa, yaani fagio, kwa kuwa hufagia barabara, Disemba huja Qasim, Januari huja Faidha Kubwa, mafuriko. Mji unaozipa mvua zake majina ni mji wa watu waliokaa baharini muda mrefu. Aprili nawa zimekwisha, ila kuna upepo wa khamsini utokao jangwani na vumbi, ambao hupiga siku mbili tatu ukapita. Tutachukua mitandio mizito. Buibui tunazo.

Nauli hatujaikata, kwa sababu ya ile herufi. Njia tumeshaichagua: ndege ya asubuhi kutoka Malindi hadi Nairobi, na kutoka Nairobi mwendo wa kama saa tano hadi Kairo. Kuna njia ya Mombasa na Addis Ababa iliyo nafuu kidogo, lakini ina kupanda na kushuka zaidi, na magoti ya Mama hayapendi ngazi. Kiti cha magurudumu hutolewa viwanjani kwa anayekiomba wakati wa kukata tiketi. Tulipomwambia, alisema hakwenda Makka kwa kiti na hataingia kwa Busiri kwa kiti.

Kijana wa wifi, tulipomweleza kwamba atakuwa mlinzi wa mama yake katika nchi ya watu, alinyamaza kidogo, akauliza kama Iskandaria kuna kiwanja cha mpira. Misri yeye anayemjua ni Mohamed Salah. Lakini tangu wiki hiyo huondoka dukani na mama yake akiwa amebeba kikapu, jambo ambalo halikuwapo. Na usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita alikaa mlangoni, si ndani, si nje, wakati Mama alipofika fasili ya saba. Mama akakwama. Wifi hakusema kitu. Tulidhani amesinzia, tukamtazama, naye alikuwa akimtazama mwanawe. Kijana akalitoa lile neno, vibaya kidogo kwenye irabu, Mama akalishika akaendelea.

Kuhusu magoti, Mama amejiwekea utaratibu wake. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, hutoka na bakora ya baba na mjukuu mmoja, akatembea. Mwanzoni aliishia penye makaburi ya nguzo, karibu na msikiti wa Juma, akarudi akihema. Wiki ya nne akawa anayapita. Jumanne hii amefika hadi gatini, mahali ambapo hajafika kwa miguu tangu baba afariki, akakaa juu ya jiwe akitazama mashua zikiingia, na akatutumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mjukuu kwamba tumpelekee chai huko huko, na mahamri mawili, na tusimwambie wifi asije kumgombeza.